Siku ya Pili ya Kusimama

Mama, mimi mzima, na nakusalimu wewe pamoja na Atieno anayekusomea kadi hii.

Huku Kericho ni mvua na baridi tu, na shingo inaniuma kwa masanduku ya chai. Jana wanafunzi wa shule ya hapa shambani walikumbuka siku vita ya Wazungu ilipoisha. Walisimama kimya kwenye matope. Mwalimu alijua nilibeba mizigo ya jeshi, akaniuliza siku hiyo nilikuwa wapi.

Nikawaambia nilikuwa njiani na mzigo kichwani, kwa sababu hakuna aliyetuambia vita imeisha. Ndugu yangu Owino alianguka kesho yake na gunia la unga, hakuamka tena.

Msichana mmoja akauliza, "Na yeye, tusimame siku gani?"

Mwalimu akanigeukia. Mimi nilikuwa nimechoka, nikajibu tu, "Basi ni kesho."

Leo asubuhi nimepita hapo na sanduku langu. Mvua ilikuwa inanyesha, na wote walikuwa wamesimama.

Jifunike vizuri, Mama. Na wewe Atieno, soma mpaka mwisho: wenzako wamesimama kwa ajili ya baba yako.