Baba Kasema "Naweza"

Shosti, nimekwisha. Baba ametuharibia kila kitu!

Tumetoka sasa hivi kwenye bodi ya madaktari, ile ya pensheni ya ulemavu. Unajua tangu apate kiharusi hata kijiko kinamshinda.

Daktari kamuuliza, "Mzee, unaweza kufanya kazi?"

Baba kajiweka sawa kitini: "Naweza. Kazi yoyote."

Naweza!! Fundi seremala asiyeweza kushika hata msumari!

Nikaingilia, daktari akanizuia: "Mwache ajibu mwenyewe." Akaandika "ana uwezo wa kufanya kazi", akagonga muhuri. Rufaa mpaka mwakani.

Kwenye korido nikamfokea huku nalia: "Baba, kwa nini?"

Akatazama chini. "Mwanangu, ningesemaje siwezi, na wewe umekaa pale unanitazama?"

Shosti, mimi ndiye niliyeng'ang'ania kuingia naye.