Diski ya kadi za chingamu

Jumamosi, Agosti 1999. Shinyanga mjini. Jua kali, vumbi, roho haijatulia.

Mimi bahati inanipenda kuliko mke wangu. Kanda ya Ziwa nzima, mwenye historia ya kadi za chingamu ni mimi peke yangu, na iko mkobani.

Nasema zile kadi za wachezaji mpira zilizokuwa zikitoka ndani ya paketi. Zangu zililiwa na mchwa kule kijijini Samuye, boksi zima. Halafu mwaka huu, kwenye kompyuta ya dukani kwa Mama Imran, nikakuta mzee mmoja wa Ulaya amezipanga zote kwenye intaneti: picha, nani alizichapa, ziliuzwa wapi. Habari za zile zenye mgongo wa kijani, zilizofika Geita, nilimwandikia mimi. Shule niliishia darasa la tano, lakini jina langu likafika Ulaya.

Juzijuzi mzee akatangaza anaufunga ukurasa. Mama Imran akaninakilia wote kwenye diski, ile flopi, kisha akasema, "Baba Kulwa, niache nakala moja hapa dukani? Siku moja mtoto wa chuo atakuja kuuliza."

Nikashtuka. Mtoto gani wa chuo? Huyu ana mnunuzi.

Mimi nanunua dhahabu Katoro. Kwetu mali hailali kwa mwenzako. Nikamsimamia mpaka akaifuta nakala yake.

Leo nimerudi niichapishe. Diski haisomeki.

Amenibadilishia.

Nikamwambia mbele ya wateja, "Mama, toa diski yangu." Hakukasirika. Akauliza naitunza wapi. Nikajigamba: kwenye mkoba wa kazi, pamoja na mizani na sumaku ya kutolea chuma kwenye dhahabu ya unga, mahali ambapo mwizi hagusi. Kila nikifungua nakuta sumaku imeng'ang'ania kibati cha diski. Nilidhani vimependana.

"Sumaku inafuta, Baba Kulwa." Alisema taratibu, kama mtu anayetoa pole msibani.

Tukautafuta ukurasa. Haupo. Mzee naye, tangu atangaze kufunga, hajibu barua.

Nimemwomba radhi mbele ya wateja walewale. Akaniagizia chai.

Lakini roho bado inanong'ona kwamba labda kweli aliiba. Natamani angekuwa mwizi. Zingekuwepo mahali.

Ile bahati niliyoandika pale juu ni uongo. Mkobani nina plastiki tupu, na aliyeifuta ni mimi.