Mahali Palipokuwa Jiwe

Jumatatu, 10 Januari 2022

Leo tumewasha moto juu ya Jiwe. Asava alipanga magogo na matairi makuukuu tangu alfajiri, na mimi nikaleta kiberiti kama mwenye ardhi — ingawa ardhi yenyewe ni upana wa leso. Moshi mweusi ukapanda mpaka majirani wakaja kuuliza kama ni zizi linaungua. Nikawaambia hapana, tunatafuta mahali pa nyumba.

Asante Mungu kwa mikono ya huyu kitinda mimba wangu. Kaka zake wawili walinunua shamba Lugari, wana mahindi mpaka wameyachoka, na kila Krismasi wananiuliza nangoja nini huku milimani. Asava peke yake ndiye anataka kukaa. Lakini akae wapi? Hapa Maragoli ukinyoosha mguu umemkanyaga jirani. Nyumba yangu, jiko, zizi la ng'ombe wangu Mrembo, mistari michache ya chai, kaburi la baba yao, makaburi ya wazee. Halafu Jiwe. Limekaa pale mpakani mwetu na shemeji Jumba, binamu ya marehemu mume wangu. Ni kubwa kama nyumba ya mabati, na halichumwi chai wala halitoi maziwa.

Mtoto mwenye mke halali chini ya paa la mama yake. Hilo hata kuku wanalijua. Kwa hiyo tangu kazi yake ya Nairobi ilipokufa wakati wa korona, Asava, mke wake Ebby na kitoto Vihenda wanalala jikoni. Moshi umewafanya macho mekundu. Kaka yake Ebby amewapatia kazi ya shamba kule Kitale, na chumba cha kulala juu yake. Wamekubaliana hivi: pakipatikana pa kujenga kabla Februari haijaisha, wanabaki. Pasipopatikana, wanaenda.

Siwalaumu. Lakini nikibaki nitaongea na nani, Mrembo?

Alhamisi, 13 Januari

Limepasuka, baada ya siku tatu za moto! Nilikuwa napepeta maharagwe, nikasikia mlio kama bunduki, maharagwe yote chini. Ufa umetoka juu mpaka kwenye nyasi. Asava ameuingiza mtalimbo na sasa vipande vinadondoka.

Kazi ya kuponda ni yangu na Ebby. Unashika jiwe kwa kipete cha raba ya tairi ili vipande visikurukie machoni, unagonga. Huyu msichana ni mpole lakini nyundo anaijua. Aliuliza kama ni kweli zamani wimbi la uji lilianikwa juu ya Jiwe. Ni kweli. Wimbi, nguo, na mimi mwenyewe siku za baridi. Alicheka, na ni mara ya kwanza namsikia akicheka mbele yangu. Mikono imechubuka na nimeshukuru tu.

Jumamosi, 22 Januari

Lori limekuja kubeba kokoto. Kwa pesa yake tumepata mabati na misumari. Mabati yameegemea zizi, na Mrembo anayatazama kama amewekewa kioo.

Jumba alikuja na nyundo yake mwenyewe, akagonga mchana kutwa, na hakuitisha hata senti.

“Shemeji, hili jiwe lilimshinda baba mkwe wako na misuli yake. Wewe unajiona nani?”

“Mimi najiona mwenye kiberiti.”

“Kesho utachoma mlima wote, sisi tukalale Kisumu.”

Mgala muue na haki yake umpe. Jumba mdomo anao, lakini ni mtu wa watu. Ana nyumba kubwa yenye mapazia yaliyofungwa mwaka mzima. Wanawe mmoja yuko Qatar, mmoja Mombasa, na wa tatu hata sijui. Tangu mkewe azikwe, hupika mwenyewe na kula mwenyewe. Alikunywa chai yetu mpaka birika likaisha.

Jumapili, 30 Januari

Jiwe halipo. Naandika hivyo na bado siamini. Chini yake udongo mweusi, laini, haujaona jua tangu dunia iumbwe. Asava alivuta kamba huku na huku: sebule hapa, chumba hapa. Ebby alimwambia asisahau jiko, maana jikoni amelala ya kutosha.

Tulipotoka kanisani Jumba akaja na fimbo yake, akasalimia.

“Mirembe, Mama Asava.”

“Mirembe, shemeji.”

Akauliza Jiwe lilikuwa la nani. Nikasema jiwe ni jiwe. Akasema sawa, jiwe amenisamehe, na kokoto zake pia. “Lakini chini ya jiwe kuna udongo. Na udongo una wenyewe.” Akachora mstari kwa fimbo katikati kabisa. Miti ya mpaka, anasema, inashuka mpaka lilipokuwa Jiwe, halafu inaendelea ng'ambo. Kwa hiyo mpaka unapita katikati. Nusu yake, nusu yangu.

Nusu yangu inatosha banda la kuku.

Ni huyu huyu aliyegonga jiwe na sisi! Asava alikuwa anakunja kamba polepole.

Jumatano, 2 Februari

Ebby ameanza kupanga nguo kwenye katoni. Hajasema. Nimeona tu kishati cha njano cha mtoto kimekunjwa juu.

Tumemwita liguru, mzee wa kijiji chetu, Mzee Chagala. Atakuja Ijumaa kuamua mpaka. Nimemwomba Mungu mahali. Sikuomba pakubwa. Pa kuweka kitanda na mtu apite pembeni.

Ijumaa, 4 Februari

Sijui niandikeje.

Asubuhi Asava aliamua kung'oa mzizi wa mwisho wa Jiwe ili pawe sawa wazee wakija. Akausukuma kwa mtalimbo, ukajigeuza, na pale chini pakalowa. Tukafikiri ni umande. Pakajaa. Kabla sijafunga kilemba vizuri kulikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, yakitoka kimya kimya ardhini, baridi kama ya mtungi. Katikati ya sebule ya Asava!

Liguru alipofika alisahau kesi. Aliomba kikombe. Akanywa, akafikiri, akaomba kingine.

“Maji hayana mwenyewe,” akasema. “Hapa hapajengwi. Watu watateka. Lakini njia ya kufika ndiyo ina mwenyewe. Mwenye kipande hiki atatoa njia, wanawake wawili wenye mitungi wapishane. Haya, niambieni sasa, mpaka uko wapi?”

Jumba akakohoa. Akasema apewe muda.

Tangu niolewe nimeteremka kule bondeni kuteka na kupanda na mtungi mgongoni, na kiangazi kama hiki unakuta foleni na matope. Sasa maji yamekuja mlangoni. Ninapaswa kuruka kama ndama. Nimesema asante Mungu, na nimeisema kwa mdomo tu. Nilimwomba mahali akanipa maji. Ebby alijaza sufuria, akamwogesha mtoto, kisha akaendelea kupanga katoni.

Jumatatu, 7 Februari

Habari imeenea. Tangu Jumamosi ni mitungi, ndoo, watoto, punda wa watu wa kanisa lile lingine. Wengine walipitia kwa Jumba na kulaza majani yake ya ng'ombe yote. Amepiga kelele mpaka sauti imekauka.

Leo saa nne akamleta liguru mwenyewe. Mkono mmoja jembe, mkono mwingine mche wa ule mti wa mpaka.

“Nimefikiri,” akasema. “Mimi si mtu wa tamaa. Jiwe lote lilikuwa la Mama Asava. Lote, na sketi yake ya udongo pembeni.”

“Juzi ulisema nusu,” liguru akasema.

“Juzi nilikuwa na njaa. Maji ni yake, njia itoke kwake. Kwangu mtu asinikanyagie jani hata moja tena.”

Akaenda kupanda. Alivuka mahali Jiwe lilipoishia. Akaendelea. Akaingia ndani kabisa ya majani yake, kusudi njia isije ikamgusa hata kwa bahati mbaya, akachimba, akapanda, akashindilia kwa mguu. Liguru akasema mmeona nyote. Tukasema tumeona.

Mimi niliona zaidi. Kati ya maji na ule mche kumebaki kipande kikavu, kimeinuka kidogo. Kinatosha nyumba. Kinatosha nyumba nzuri! Asava aliniangalia, mimi nikaangalia miguu yangu. Jumba alipanda mpaka ndani ya shamba lake mwenyewe na mimi nikanyamaza.

Jumamosi, 12 Februari

Vijana wamezungushia chemchemi mawe na kuweka bomba. Wanawake wameniletea ndizi, mayai, mrenda, na Mama Kadenyi kaniletea kuku mzima. Nimewaambia mimi sikuumba maji. Wakasema kula kwanza, utabishana baadaye. Bibi mmoja ambaye hawezi tena kuteremka bondeni aliteka mwenyewe leo, kibuyu kidogo, akakaa pale kwenye mawe akinawa uso, akinawa tena. Leo shukrani imetoka moyoni yenyewe, bila kuivuta.

Katoni imerudi chini ya kitanda. Sijui kama imefunguliwa.

Jumapili, 13 Februari

Sisi wa kanisa la Friends, hao Quaker, tunakaa kimya kanisani tukingoja sauti ya ndani. Leo sauti ilikuja haraka sana, na ilikuwa inauliza kuhusu ule mche.

Nikamwambia Asava nitaenda kwa Jumba nimweleze kwamba amepitiliza mpaka.

“Mama, amepanda kwa mkono wake. Mbele ya liguru.”

“Alipanda kwa hasira.”

“Na mstari wa fimbo alichora kwa furaha? Basi nenda. Ukitoka huko pitia stendi utuulizie nauli ya Kitale.”

Ebby hakuniangalia. Alikuwa anamnyonyesha mtoto na machozi yakimdondokea. Nimekasirika — na wao, na Jumba, na mimi. Kunyamaza kanisani na kunyamaza shambani si kitu kimoja, na mimi ni mtu mzima, nalijua hilo.

Jumanne, 15 Februari

Nilienda. Nikabeba ndizi.

Jumba alikuwa ameketi barazani peke yake, simu kwenye goti. Kijana wa Qatar alikuwa amepiga. Anasema haji mwaka huu pia. Kila nilipoanza, “Shemeji, kuhusu ule mche,” yeye akaingiza lingine: bei ya maziwa, goti lake, bonasi ya chai ambayo ni kidogo. Nikajaribu tena. Akaniambia ndizi zimeiva vizuri. Mwishowe akasema, “Jana nilimsikia mjukuu wako akilia. Nikafungua dirisha nimsikie vizuri.”

Nikarudi na langu tumboni. Mungu anisamehe, na pia asante kwa kuwa nilienda.

Jumatano, 23 Februari

Asubuhi Asava amepigilia vigingi. Siku zinaisha, hakuningoja, na mimi sikumzuia. Vyumba viwili na jiko. Kigingi cha pembe ya mwisho kiko karibu sana na mche, na mche umeshika, umetoa jani jipya.

Basi Jumba akaja na mtungi. Huja kila siku kuteka, lakini leo alipita bomba bila kusimama. Akafika kwenye vigingi. Akaangalia kamba. Akaangalia mche wake. Akaangalia kule majani yalikokuwa yakiishia zamani, kisha mche tena. Asava alikuwa ameshika jembe, hachimbi. Ebby alimbeba mtoto haraka kama mvua inakuja.

Nikasema, “Shemeji, nilikuja siku ile kukuambia. Ulipanda huku ndani zaidi. Sikusema. Nilipaswa kusema.”

Akainua mkono ninyamaze.

“Mlango utaangalia wapi?”

Asava alisema hatujafikiria, labda barabarani.

“Ukiangalia barabarani, mimi kila asubuhi nikiamka nitasalimia matako ya nyumba,” Jumba akasema. “Hiyo sitaki.”

Nikakimbilia jikoni eti kupika chai. Ukweli nimekuja kuandika. Hajasema kipande ni chetu. Hajasema si chetu. Je, alijua siku ile ya jembe? Mkulima wa umri wake hapotezi mpaka kwa hasira, sasa nafikiri hivyo, halafu nafikiri mimi natafuta tu cha kunipa usingizi. Na katoni bado iko chini ya kitanda na Februari imebakiza siku za kuhesabu kwa mkono mmoja.

Ebby ameingia kuchukua vikombe. Nimemuuliza wanasema nini huko nje. Anasema Jumba amemchukua Vihenda na kumpakata. Tena ameng'oa kigingi cha pembe ya upande wake, anakizungusha mkononi, anatembea nacho huku na huku kama mtu anayetafuta pa kukiweka.

“Anaelekea upande gani?”

“Mama, sijui. Anaenda, anarudi.” Akasimama mlangoni. “Lakini amesema nikuambie sukari uweke. Daktari alimkataza, anasema leo uweke.”

Maji yanachemka. Natafuta sukari iko wapi —