Shomoro wa Jumapili

Dada Felista, shikamoo. Baridi ya Uluguru imeanza kutushukia hapa Morogoro, na ufadhili wa kuimba kwaya ya chuo ndio bado unanisomesha.

Jumapili kanisani nilikuwa naimba ubeti wangu peke yangu, mara shomoro akaingia dirishani. Mazoea ya kuamia ndege shambani yakanishika: nikapiga makofi, nikapaza sauti, "Hoooo!" Waumini wakadhani ndivyo wimbo ulivyo, wakapiga makofi nao. Mwalimu wa kwaya anataka niurudie hivyohivyo Jumapili ijayo.

Najua mpunga wetu huko Turiani umeiva na safari hii unaamia mwenyewe, wewe uliyezoea kulala kibandani huku mimi nakauka koo. Nimekukumbuka. Piga kelele, dada yangu, huenda nawe ukapata ufadhili.

Mdogo wako, Deo