Kura Yako kwa Mzee Masanja

Mama Kulwa, mke wangu uliyetangulia,

Jana mwenyekiti wetu mpya wa kijiji alitangaza mkutanoni kwamba demokrasia ni watu wote kukubaliana. Niliinuka ili nimsahihishe, nikakukumbuka wewe, nikaketi nikicheka peke yangu. Watu wakadhani ni uzee.

Unakumbuka tulipohamishiwa huku karibu na Nyarugusu, enzi za vijiji vya ujamaa? Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuhama. Tuliambiwa tupakie vyombo, tukapakia. Kwa hiyo siku tulipotakiwa tumchague balozi wa nyumba zetu kumi, watu walifurahi mno kuulizwa jambo. Nami niliutaka ubalozi huo kwa moyo wote. Nilikuwa nimekwisha kupiga pasi suruali ya kuapishwa.

Tatizo lilikuwa Shija, mpiga mbiu. Kisukuma chake hakina r, na Kiswahili chake kikafuata. Alipita akipaza sauti: "Kesho ni kula! Kula ni haki ya kila mtu! Mje mpige kula kwa uhuru, msiogope!" Majirani wakaja na mabakuli.

Mimi, badala ya kuomba kura, nikaanza kufundisha. "Ndugu zangu, ni kura, si kula. Ncha ya ulimi itetemeke. Semeni!" Wakasema, "Kula!" Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, kimepikwa, au tunasomeshwa tu?"

Ndipo mpinzani wangu, Mzee Masanja, mfugaji asiyegombana na mtu, aliposema, "Kwangu kuna michembe ya viazi vitamu na karanga. Tukimaliza mpite." Nikapinga kwamba hiyo ni rushwa. Akajibu kwa upole, "Hata watakaokuchagua wewe, Mwalimu, watakula."

Tukasimama wagombea, watu wakapanga mstari nyuma ya kila mmoja. Mistari ikawa sawa. Ulibaki wewe, uliyechelewa ukiamua ugomvi wa pacha wetu, Kulwa na Doto. Nikajisogeza nikupe nafasi. Ukapiga goti kidogo mbele yangu, ukanipita, ukasimama nyuma ya Masanja.

Wanaume wakapiga kelele. "Mwalimu, mwite mkeo! Mume gani wewe?"

Nikatumia sauti ya darasani: "Mama Kulwa, unafanya nini?"

"Baba Kulwa, mimi ninasahihishwa tangu asubuhi mpaka jioni. Nyumba moja inatosha. Hizi nyingine zimekosa nini?"

Hata waliokuwa nyuma yangu walicheka. Msimamizi akaniuliza kama umekosea mstari, ili akurudishe kwangu. Neno langu moja lingetosha, nami ningekuwa balozi. Nilikutazama. Ulikuwa umeukamata upindo wa khanga kwa mikono miwili, wala hukuwa unacheka tena.

Nikasema, "Hakukosea. Mhesabuni hapo alipo."

Michembe ya Masanja tuliila sote. Ilikuwa mitamu, na hilo liliniudhi kuliko kushindwa. Njiani kurudi ulinibebea koti.

Tangu tukuzike, humu ndani ninaamua yote mimi: kipikwe nini, redio izimwe lini, nani alale wapi. Kulwa hunijibu, "Sawa, Baba." Doto naye, "Sawa, Baba." Ninapita bila kupingwa kila siku, Mama Kulwa, na sijapata kuona kushindwa kubaya namna hii.

Lala salama, na huko uliko usikubali kila unachoambiwa.

Mumeo,
Baba Kulwa