Magunia Kumi ya Mbaazi

Karatu Mjini,
14 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Buger, na kwamba mkono wa mama umeanza kuunga. Mpe pole yangu tena. Huku mimi, Laurencia na watoto hatujambo, ila vumbi linatukohoza wote.

Pikapu imetoka gereji jana, ina springi mpya na breki mpya. Fundi Hasani alinifungulia mlango wa dereva akanionyesha kibao kidogo ambacho hatukuwahi kukisoma. Siku ya kununua tulikodolea macho rangi na matairi. Alinieleza kwamba gari pamoja na vyote vilivyomo visizidi kilo 2,800. Gari tupu ni 1,750. Zinabaki 1,050, na humo dereva na abiria wamo. Tela unalotaka kununua nalo lina kikomo chake, na uzito unaolalia ndoano unahesabiwa kama mzigo wa garini. Baba, tela lisubiri.

Nilimbishia. Nilimwambia magunia kumi ni tani moja, hata mtoto wa shule anajua. Akacheka, akauliza magunia gani. Nikaenda kwa Luqman, mnunuzi wetu, ambako mbaazi zilizookolewa siku ya ajali bado zipo, nikaweka gunia moja mzanini: kilo 136. Lumbesa, Baba. Ule mlima tunaoushonea juu ya gunia ili mnunuzi aridhike ndio uliotushinda mteremkoni.

Sasa nina jambo la moyoni. Ulimfukuza Patrisi ukisema dereva mzembe amemvunja mkeo mkono, nami nikanyamaza. Siku ile Patrisi alipakia magunia sita akafunga kamba. Nimepiga hesabu: na sisi watatu ndani, sita ndiyo yaliyofaa. Mimi niliongeza manne. Alipokataa nilimwambia gari ni la baba yangu, kama anaogopa ashuke. Aliendesha kwa sababu mama alikuwa ameshapanda, na hakutaka niendeshe mimi. Breki zilipokataa, yeye ndiye aliyelikwaruza gari ukingoni lisitumbukie korongoni.

Mama alisikia yote. Amenistiri, akisema atasubiri niseme mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, Baba, na yangu imeishia hapa. Naona aibu. Nisamehe.

Wasalimie majirani wote. Aliyekuletea barua hii ni Patrisi, na ufunguo wa gari anao. Nilimsomea yote kabla ya kuifunga. Uamuzi ni wako, ila tafadhali usimwache amesimama mlangoni.

Mwanao,
Silvanus