Bakuli la Kabla ya Pilipili

Mayu, mama yangu mpendwa,

Leo nimekukumbuka mezani, machozi yakanitoka mbele ya watoto.

Ulikuwa mbishi wewe! Tumbo lilikuwaka moto miaka nenda rudi. Hospitali wakakupa dawa, wakakuambia uangalie ni chakula gani kinakuchokoza. Wengine wangeitikia tu na kwenda zao. Wewe ukaacha chai, ukaangalia. Ukaacha maharage, ukaangalia. Hata matobolwa, vile viazi vya kukausha ulivyovipenda kuliko sisi wanao, uliviacha huku ukivitukana. Na ni wakati ule kwetu Bariadi maduka ya watu binafsi yalipofunguka kila kona, soda na mafuta ya kukaangia tele, kila mtu anakula alichokikosa miaka yote. Wewe na uji wako wa mtama. Tulikucheka, lakini ukaanza kulala usingizi.

Halafu ikafika siku ya kunipeleka kwa wakwe, Kalemela. Wanawake mkazunguka sinia moja: sangara wa kukaanga, mafuta yanaelea, pilipili juu. Kwetu mzazi wa binti akisusa chakula cha wakwe amesusa ukoo mzima, au anaogopa kulogwa. Nikajua ndoa yangu imeishia hapo.

Ukanawa mikono, ukamgeukia mama mkwe. "Mayu, tumbo langu ndilo baya, si mikono yako. Nipeleke jikoni tumchemshe huyu samaki."

Mgeni wa heshima, siku ya kwanza, aingie jikoni kwa wakwe! Wanawake wakashika vinywa. Mama mkwe akakutazama weee, kisha akaangua kicheko. "Haya twende, mgonjwa wangu."

Mlirudi na bakuli la sangara wa kuchemsha, mkala wawili humo humo. Sijawahi kumwona mtu jasiri kama wewe siku ile.

Sasa tumbo limeanza kuniwaka na mimi. Naacha kimoja kimoja ulivyofanya, na ninavitukana vilevile. Mama mkwe amezeeka, majina ya wajukuu yanampotea. Lakini akipika samaki, lazima apakue bakuli moja kabla ya kutia pilipili. Leo ameliweka mezani, akatazama mlangoni.

"Mwenzangu mbona anachelewa?"

Sikumkumbusha kwamba tulishakuzika. Nikavuta kiti, nikala naye humo humo.

Lala salama, mama. Nafasi yako ipo.

Binti yako wa Kalemela